Upande wa Mto Hauna Bei

Magoti ndiyo yanayoonekana kwanza. Kabla hujauona uso wa Mama Kizito, kabla hujaisikia sauti yake ya chini ikimkemea mtu aliyekanyaga povu, unaona magoti mawili yenye ngozi nene kama ya kisigino, yametua ardhini mbele ya ukuta wa mtu mwingine. Chini ya kila goti ameweka kipande cha ndala kuukuu. Kitenge amekifunga juu, brashi iko mkononi, na kichwa amekiinamisha karibu na msingi wa nyumba kana kwamba mle ndani kuna mtu anayemnong'oneza. Asiyemjua angedhani anasali. Wanaomjua husema tu, "Mama Kizito ameanza nyumba," kisha huzunguka mbali ili wasikanyage maji yake.

Kindu ni mji unaochafua nyumba. Mvua inapoipiga ardhi nyekundu, matone huruka na kupaka kuta rangi ya matofali hadi usawa wa madirisha. Juu ya madirisha hukaa kuvu nyeusi, kwa kuwa unyevu wa mto hauondoki hata kiangazi. Ongeza moshi wa mkaa na vumbi la pikipiki, na nyumba iliyopakwa chokaa wakati wa Pasaka itafika Noeli ikiwa na sura ya mgonjwa. Mwenye nyumba ana njia mbili. Anunue rangi mpya, ambayo husafiri kutoka mbali na kufika na bei ya mbali, au amwite Mama Kizito.

Akiitwa, hatoi bei mlangoni. Huizunguka nyumba polepole, kiganja kikiteleza ukutani, na mwenye nyumba humfuata nyuma akijaribu kusoma mgongo wake. Anachokipima ni kitu cha kawaida. Anapima maji, kwa sababu kila bidoni, dumu la njano la maji, lazima ijazwe na kupandishwa kilimani kwa baiskeli, na anayeisukuma analipwa. Anapima sabuni, ile ya mawese inayochemshwa mjini na kuuzwa kwa vipande. Anaangalia urefu wa ukuta na ngazi ya kukodi, na kama lipu ni ngumu au ni ya zamani, ile inayohitaji kubembelezwa. Nyumba ya vyumba vinne, ya matofali ya kuchoma, inaweza kufika faranga elfu themanini. Ya ghorofa huzidi mara mbili.

"Elfu themanini kwa maji na sabuni!" hupiga kelele wenye nyumba.

"Si maji na sabuni, Baba," hujibu Mama Kizito. "Ni magoti. Kama sokoni wanauza magoti, nenda ukanunue, mimi nitakuja na brashi tu."

Hapo watu hucheka, na bei hushuka kidogo. Lakini kuna jambo moja katika hesabu yake ambalo halijawahi kushuka wala kupanda. Nyumba ina kuta nne, naye huhesabu tatu. Ukuta unaotazama mto anauosha kama zile nyingine, tena kwa uangalifu zaidi, wala hachukui hata faranga moja. Ukimwuliza, anasema, "Upande wa mto hauna bei," kisha anadai maji yaletwe.

Watu walishazoea. Wengine walisema ni nadhiri ya kanisani. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Mikelenge, Baba Franck, humtania kila wanapokutana njiani: "Mama Kizito, nikiigeuza nyumba yangu, kuta zote zikatazama mto, utaniosha bure?"

"Igeuze kwanza, Baba Franck. Nitakukuta hapo hapo ukiwa bado unasukuma."

Mtu ambaye hakuzoea alikuwa Mbusa. Mbusa alitoka Butembo miaka michache iliyopita, akafungua duka la mabati na saruji, akanunua malori mawili yanayokwenda kwenye miji ya machimbo ya Kalima, Pangi na Kama, akajenga nyumba nzuri juu ya mteremko wa mtaa wa Kasuku. Ni mtu wa kanisa na wa hesabu. Mwaka huu, kiangazi kilipokuwa kinakwisha, alimwita Mama Kizito kwa sababu mchungaji wake alikuwa anakuja kuibariki nyumba, na nyumba ilikuwa imeanza kuota kuvu.

Mama Kizito aliizunguka, akataja bei. Mbusa akapiga hesabu kichwani, akakunja uso.

"Mama, umehesabu kuta tatu."

"Ndiyo."

"Nyumba yangu iko na kuta nne."

"Ninaziona, Papa Mbusa. Ule wa mto nitauosha bure."

"Kwa nini?"

"Upande wa mto hauna bei."

Mbusa akatikisa kichwa. Kwake, kama kwa wengi wa huku, "ndiyo" hutamkwa "njo". "Hapana, Mama. Kitu cha bure njo kinaniogopesha. Muntu akinipunguzia bei, ninajua ananitaka mteja. Muntu akinipa bure, kesho atarudi kudai kitu nisichojua. Nihesabie kuta nne, nilipe nne, nilale."

"Kama hutaki, nyumba itabaki na kuvu yake, na mchungaji ataibariki pamoja nayo."

Mke wa Mbusa, Francine, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alicheka mpaka akakohoa. "Muache mama wa watu afanye kazi! Kwenu Butembo hata zawadi munataka risiti!" Mbusa akanyoosha mikono, akakubali. Lakini hakwenda dukani. Alivuta kiti nje na kukaa, kama mtu anayelinda mali yake isidanganywe na wema.

Mama Kizito alitandika vipande vyake vya ndala, akapiga magoti, akachovya brashi kwenye povu na kuanza kupaka ukuta sabuni. Alianzia chini kabisa, kwenye msingi, akapanda taratibu.

"Mama," akasema Mbusa baada ya muda, "watu wanaanzia juu."

"Wanaoanzia juu si mimi."

"Sigombani na wewe. Ninashangaa tu, kwa sababu kuko mutoto mmoja kule Kama, ananiuzia kwenye depo. Jumamosi ikifika anafunga duka mapema, anapiga magoti na kuosha ukuta wa depo. Na yeye anaanzia chini! Madereva wanamcheka, wanasema huyu anaosha kwa kinyume. Nilifikiri ni yeye peke yake duniani."

Brashi iliendelea kupanda. "Nani alimfundisha?"

"Baba yake. Alikuwa mchimbaji. Shimo lilimwangukia, sasa ni miaka sita. Walikuwa wanamwita Chokaa."

"Chokaa si jina."

"Kule kwenye dhahabu nani iko na jina? Mwingine njo Kisu, mwingine njo Bwana Deni."

"Na mtoto? Mtoto anaitwa nani?"

"Philomène."

Brashi ilianguka kwenye ndoo. Francine, ambaye alikuwa angali dirishani, alisema baadaye kwamba alidhani mama wa watu ameumwa na nge. Mama Kizito alibaki amepiga magoti, mikono miwili imeshika ukuta wenye povu. Katika mji huu ambao kila mtu humwita kwa jina la mwanawe, karibu hakuna aliyejua kwamba jina lake la ubatizo ni Philomène.

Ili kumwelewa mwanamke yule pale ukutani, ni lazima kurudi nyuma, kwenye miaka ya vita.

Mumewe, Ferdinand, alikuwa mwosha mabehewa katika stesheni ya reli. Treni ilipofika na vumbi la safari nzima kutoka kusini, yeye na wenzake waliiosha mpaka ing'ae. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kazi, siku za Jumamosi, kwenye ukuta wa nyumba yao wenyewe: sabuni inapanda, maji yanashuka. Ukipaka sabuni kutoka juu, maji machafu hutiririka juu ya sehemu kavu iliyo chini na kuacha michirizi isiyotoka hata ukisugua hadi jioni. Waosha mabehewa waliiita michirizi hiyo machozi. Behewa lenye machozi lilirudishwa. "Ukuta usilie," Ferdinand alikuwa akisema, na mwanawe Kizito, angali mdogo, akirudia nyuma yake huku akipiga povu kwa mikono: "Usilie! Usilie!"

Ferdinand alikufa kwa homa kabla ya vita. Aliacha nyumba ndogo ya matofali iliyopakwa chokaa, kwenye mteremko wa Kasuku, ukuta mmoja ukitazama mto na Alunguli, mtaa wa ng'ambo. Aliacha pia desturi ya Jumamosi. Mama na mwana waliishika.

Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa. Wenye bunduki hawa walikuwa upande huu wa mto, wenye bunduki wale upande wa pili na misituni, na chumvi ilikuwa ikipimwa kwa kijiko cha chai. Kizito alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye tumbo la miaka kumi na minane. Siku moja alivuka kwenda Alunguli kwa Mama Yvette, rafiki wa mamake katika kwaya, kutafuta mihogo. Alasiri milio ya bunduki ikaanza. Asubuhi iliyofuata ikatoka amri kwamba hakuna mtumbwi utakaovuka tena, na mto ambao Mama Kizito alikuwa akifulia nguo tangu utoto ukawa mpaka.

Jumapili za mwanzo alimwona. Kizito alisimama ufukweni ng'ambo, amevua fulana ya njano ya timu ya shule, anaizungusha juu ya kichwa. Alikuwa mdogo kama mdudu, lakini njano ile haikumdanganya. Kisha risasi zikaanza kuangukia majini karibu na watu waliokuwa wakipungiana mikono, na njano haikuonekana tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuvuka ndiye aliyeleta maneno ya Kizito mdomoni: "Mwambie mama asisogee mtoni. Ukuta ninauona. Ukiwa mweupe, najua yuko."

Hakuhitaji kufafanuliwa. Kwao, nyumba yenye kilio haioshwi. Mtu akifa, hakuna anayetia maji kwenye kuta mpaka matanga yaondolewe, na siku ya kuondoa matanga ndipo ndugu huja na ndoo kuisafisha. Ukuta mweupe ulikuwa na maana moja tu: humu hakujafa mtu. Basi kila Jumamosi Mama Kizito aliosha ukuta ule mmoja. Sabuni ilipokwisha alitumia majivu. Majivu yalipomkwaruza mikono alisugua kwa majani ya mpapai. Juu yake alipaka udongo mweupe alioukoroga mwenyewe. Zile kuta nyingine tatu aliziacha zichakae zilivyotaka.

Lakini ukuta unaoonekana ng'ambo unaonekana pia hapa. Mkubwa mmoja wa askari, aliyekuwa akikaa katika nyumba kubwa ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia, aliuona akapendezwa. Alikuwa anangoja wageni, wakubwa wake. Askari wawili wakatumwa.

"Wewe njo unaosha?"

"Ninaosha kwangu."

"Leo utaosha kwa mkubwa. Beba brashi."

Aliosha nyumba ile. Alipomaliza, mkubwa wa pili akasema na yake ioshwe, na mwingine, na mwingine. Alilala katika majiko yao, mlangoni kuna mlinzi. Alipoona mawingu ya masika yanajikusanya juu ya mto, alimwendea yule mkubwa wa kwanza na kupiga magoti mbele yake, si kwa ajili ya kazi.

"Baba, nipe siku moja tu niende kuosha ukuta wangu."

Yule mtu alicheka, bila ubaya, kama mtu anayemchekea mtoto. "Ukuta wako una haraka gani, Mama? Utakusubiri."

Mvua ilipiga. Nyumba moja chini ya kwake iliungua, na moshi wake ukapanda mteremko. Walipomwachilia walimpa nusu kipande cha sabuni na kopo moja la sadini. Alipofika kwake, ukuta wa mto ulikuwa mwekundu hadi madirishani na mweusi kutoka madirishani kwenda juu. Aliuosha jioni ile ile kwa sabuni ya wakubwa, akianzia chini, haraka, akilia, na alihakikisha kwamba ukuta wenyewe haulii. Kesho yake ulimeta. Alisimama nje akiutazama mto, akafikiri amewahi.

Mitumbwi iliporuhusiwa tena, mwaka uliofuata, alikuwa katika ile ya kwanza. Alimkuta Mama Yvette nje ya nyumba yake anatwanga majani ya sombe. Yvette aliinua macho, mchi ukabaki hewani.

"Yesu!" akasema. "Kama uko roho, rudi kulala. Hatukukosea kitu."

"Yvette, njo mimi."

"Wewe nani?"

"Philomène wa Ferdinand. Njoo unishike."

Yvette alimshika mkono, akamfinya, akamfinya tena kwa nguvu mpaka mwenzake akapiga kelele. Ndipo akaanguka kifuani mwake. "Tulikulilia, Mama Kizito! Hapa, kwenye mlango huu! Mpaka mbuzi yako tulikula!"

"Mbuzi gani? Sina mbuzi."

"Mbuzi ya kilio chako!"

Walicheka wakilia, wanawake wawili kwenye majani ya muhogo yaliyomwagika. Kisha Mama Kizito akauliza mwanawe yuko wapi, na kicheko cha Yvette kikaisha.

Kizito alikuwa akiutazama ukuta kila siku. Ulipoanza kuwa mwekundu alisema mama ni mgonjwa kidogo. Ulipozidi, aliacha kusema. Moshi ulipoupaka weusi, alimwomba baba wa nyumba ya Yvette wembe, akanyolewa kichwa. Walimwekea mamake kilio kama inavyotakiwa, mwili hakuna, kaburi hakuna. Baada ya hapo akafuatana na wachimbaji waliokuwa wakielekea upande wa dhahabu. "Tulimwambia akae," akasema Yvette. "Alisema hawezi kulala mahali panapotazama ukuta ule. Aliondoka kabla haujawa mweupe tena. Sisi tulipouona umeoshwa, tulisema ni ndugu zako, wameondoa matanga."

Mama Kizito alimtafuta. Alikwenda Kampene, alikwenda Pangi, alifika Kama. Popote aliuliza Kizito, mwana wa Ferdinand wa reli, na popote wachimbaji walimtazama kwa huruma ya watu waliotapakaa matope. Huku hatuna majina hayo, Mama. Alirudi Kindu akiwa na homa, na brashi yake ikamngoja.

Mji ulikuwa unafunguka. Wenye nyumba walikuwa wanarudi kutoka walikokimbilia na kukuta kuta zilizoandikwa matusi, zilizoungua, zilizoota majani. Walimwita. Ndipo alipoanza kutaja bei, na ndipo alipoacha kuuhesabu ukuta wa nne. Hakuwahi kumweleza mtu. Moyoni mwake aliwaza kwamba ng'ambo huenda kuna mtoto wa mwanamke mwingine anayeutazama huo ukuta, na kitu kama hicho huwezi kukitoza. Mara moja tu, mteja mmoja mbishi alipomkasirisha kwa kusema kuosha nyumba ni kazi rahisi, alimjibu: "Mimi niliosha nyumba ya mkubwa mmoja, ikanigharimu mtoto." Mteja alidhani mtoto alianguka kutoka kwenye ngazi, akampa pole.

Sasa yuko mbele ya nyumba ya Mbusa, mikono ukutani, povu linakauka.

"Papa Mbusa," akasema bila kugeuka, "pigia huyo mtoto simu."

Mbusa alikuwa amekwisha kusimama. Alipiga, mtandao ukakataa, akapanda juu ya rundo la mchanga wa ujenzi, akapiga tena. Sauti ya msichana ikatoka, imezungukwa na kelele za depo. Mbusa akaweka simu wazi ili wote wasikie.

"Philo, baba yako jina lake la kweli lilikuwa nani?"

"Patron, kuna nini? Hesabu imekosea?"

"Hesabu iko sawa. Jina."

"Kizito."

"Na wewe, jina lako lilitoka wapi?"

"Kwa mama ya baba yangu. Alikufa kwa vita, huko huko Kindu. Baba alisema jina lisipotee."

Mbusa alimtazama mwanamke aliyepiga magoti. Aliziba simu kwa kiganja, akaziba pia mdomo, kisha akaachia vyote viwili. "Philo. Huyo mama iko hapa. Mzima. Ananioshea nyumba."

Halafu simu ikakatwa.

"Amefikiri ni watu wa kudanganya," akasema Francine, ambaye sasa alikuwa nje, pekupeku. "Au uchawi. Hata mimi ningekata."

Midomo ya Mama Kizito ilikuwa ikitikisika kama ya mtu anayehesabu, lakini hakuwa akihesabu. Baadaye simu ikalia. Sauti ya msichana ilikuwa kali, ya kujikinga, na kelele za depo hazikusikika tena. Alikuwa ametoka nje.

"Kama ni yeye," akasema, "aseme kwa nini tunaanzia chini."

Mbusa alimpelekea simu mdomoni pale pale alipokuwa. Mama Kizito aliinamisha kichwa kwenye simu.

"Ukianzia juu," akasema, "maji machafu yanachora machozi, na machozi ya ukuta hayatoki. Baba yako akiwa mdogo alikuwa anapiga povu na kusema, usilie, usilie."

Kilichosikika kutoka Kama kilikuwa pumzi, kisha sauti ya mtu anayejaribu kulia polepole ili asisikike, kisha mtu aliyeacha kujaribu. "Aliniambia hivyo hivyo," akasema msichana mwishoni, na kwa mara ya kwanza akamwita Koko, yaani bibi. "Kila Jumamosi. Hata asubuhi ya siku ile ya shimo. Koko, alikuwa anaosha ukuta wa nyumba yetu ya udongo mpaka watu wakamwita Chokaa. Alisema nyumba yake isije ikawa chafu hata siku moja, mtu akaipita akasema humu wamekufa."

Hapo ndipo Mama Kizito alipokumbuka. Mwaka ule alipofika Kama kutafuta, jioni, nyuma ya pikipiki, mvua ikiwafukuza, walipita karibu na kibanda kimoja cha udongo kilichopakwa weupe, peke yake kati ya vibanda vyenye matope. Alikuwa amekitazama. Alikuwa amewaza, hapa anakaa mtu anayependa usafi. Alitaka kumwambia dereva asimame. Dereva alipiga kelele kwamba daraja litachukuliwa na maji, naye akanyamaza. Katika magoti yake yote, ya kazi na ya kanisani, hakuna lililowahi kumuuma kama neno lile moja ambalo hakulisema kwa dereva.

Hakumwambia mjukuu. Alimwambia tu, "Mwanangu, njoo."

"Nitakuja na lori la patron. Lakini nikifika Alunguli nitautazama ukuta kwanza, Koko. Baba alinionyesha kwa maneno ulipo. Nikiuona mweupe ndipo nitavuka. Na mimi nitakupungia fulana yake, ya njano. Tunayo."

Mama Kizito alimaliza nyumba ile. Francine alimsihi aache, akapumzike, akalie. Alikataa, kwa kuwa povu likiachwa likauke linaacha alama. Alipomaliza, Mbusa alileta pesa za kuta nne. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mkono ulikuwa wa mfanyabiashara.

"Chukua, Mama. Leo usinibishie."

"Tatu," akasema.

Mbusa alihesabu upya. Safari hii hakusema kwamba kitu cha bure kinamwogopesha.

Lori lilichelewa. Barabara ya Pangi ilikuwa imeharibika, likalala njiani, likanasa, likanasuka. Ijumaa Mbusa akapita kwa Mama Kizito mwenyewe kumwambia limetoka Kalima na kesho litafika Alunguli. Na usiku huo mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Alfajiri ukuta wa mto ulikuwa mwekundu hadi madirishani.

Majirani walikuja na ndoo. Wanawake wa kwaya walikuja. Walitaka kumwekea kiti kivulini, kwa sababu daktari alimkataza zamani kupiga magoti, na kila mtu anajua kwamba zile ngazi za mawe za kwake anazishuka kinyumenyume siku hizi. Aliwaacha wachote maji. Brashi hakumpa mtu.

"Mama Kizito, kwa nyumba yako utajilipa ngapi?" akauliza Baba Franck, aliyekuja na bidoni mbili na utani wake, ingawa sauti yake haikuwa ya utani.

"Huu ni wa mto, Baba Franck. Pitisha maji."

Alitandika ndala. Alishuka goti moja, akatulia mpaka maumivu yakubali, akashusha la pili. Sabuni ilianza kupanda kutoka msingini, polepole kuliko miaka yote, povu lake likiwa jekundu, kisha la waridi, kisha jeupe. Walipofika juu, majirani walipanda ngazi na brashi zao, naye akaelekeza mikono yao. Maji yakashuka. Hakuna chozi hata moja.

Sasa jua limepanda na ukuta unakauka. Mama Yvette amepiga simu kutoka Alunguli: yuko ufukweni tangu asubuhi, ana mwavuli, lori limeonekana juu kwenye barabara ya Kalima, linashuka, lakini barabara imejaa wanaokwenda sokoni na dereva anapiga honi bila faida. Wanawake wa kwaya wameacha kuimba. Mama Kizito amesimama mbele ya ukuta wake, kando kidogo ili asiuzibe, kitenge kimelowa magotini, mkono umekinga macho.

Ng'ambo kuna watu, wadogo kama wadudu. Kuna nyekundu, kuna bluu, kuna mwavuli mweusi wa Yvette unaosogea kuelekea majini, haraka, kama unaokwenda kumpokea mtu. Njano bado.